Usitie sahihi kabla hujakaa nao

Mwanangu,

Nakuandikia manake kwa simu hatuelewani. Jana umenikatia mara mbili, ya kwanza nikasema labda ni netiweki, ya pili nikajua. Sijakasirika, au nimekasirika kidogo. Lakini treni yako ni Ijumaa na Jumamosi saa nne mjomba wako ashapanga na loya mkutane pale ofisini Malindi kuuza lile shamba letu, na mimi magoti haya sai hayanifikishi hata steji, kwa hivyo kilichobaki ni kuandika, na wewe usome mpaka mwisho, usiruke kutafuta pale nilipoandika mambo ya pesa.

Usitie sahihi. Hilo ndilo langu na nitalirudia mpaka uchoke.

Najua hati ya uwakili nilikupa mimi. Nilisaini mwenyewe, kwa peni ya loya, na nilikuwa na haraka nirudi nyumbani manake ilikuwa siku yetu ya maji na tangi halina kitu, sikusoma hata ukurasa wa pili. Naweza kwenda kesho kuifuta, nimeuliza, nimeambiwa ni karatasi moja tu. Sitaki. Nikiifuta mjomba wako atasema mama yako kakuzuia, na wewe utaamini umezuiwa, utakaa na hilo moyoni miaka. Nataka ukatae mwenyewe, ukiwa umekaa kwenye kiti chao na soda yao mkononi.

Kilichonigeuza ni kasha. Loya alitaka cheti cha kifo cha babangu, nikamwambia dada wa kazi alivute pale chini ya kitanda, nikakaa chini nikatoa kimoja kimoja. Chini kabisa, ndani ya mfuko wa nailoni, kulikuwa na karatasi imekunjwa mara nne, pembe zimeliwa na mende, wino umekuwa rangi ya chai. Herufi za Kiarabu. Nikafikiri ni dua ya babu. Nikampelekea maalim wa madrasa akaanza kusoma, kumbe ni Kiswahili, Kiswahili cha kwetu kabisa kimeandikwa kwa herufi za Kiarabu, mwaka 1311 wa Hijra, ndio 1893 au 1894 hivi. Ni hesabu ya mali, baba yake babu anagawana na ndugu zake. Minazi 140. Miembe 11. Mbuzi 32. Robo ya jahazi. Halafu hapo hapo, bila hata kuanza mstari mpya, watu. Almasi. Feruzi na mkewe. Marjani na mtoto wake. Majina ya vito, ndivyo walivyokuwa wakiitwa, vitu vya thamani. Wa mwisho ameandikwa "mjinga mmoja", basi, hana jina. Maalim akanieleza kwamba zamani mjinga lilikuwa neno la mtumwa aliyeletwa juzi kutoka bara, hajaijua lugha, na yule aliyezaliwa hapa pwani ndiye mzalia. Kwa hivyo huyo mtu alifika Malindi na jina lake, jina aliloitwa na mamake huko alikotolewa, na hakuna aliyemuuliza.

Maalim ameniandikia kila kitu pembeni kwa kalamu ya risasi. Watu 17. Nimefuata kwa kidole sijui mara ngapi na kila mara kidole kinatoka kwa mbuzi kinaingia kwa Almasi bila kusita.

Sasa wewe. Ile video ya mdahalo chuoni, shangazi yako alinitumia, nikaitazama mpaka bando likaisha, nikawaonyesha wanawake wa chama. Ulikuwa umevaa lile shati la bluu. Ulisema Uingereza ilipokomesha utumwa kwa sheria ya 1833 ilitoa pauni milioni 20 za fidia, na zote zikaenda kwa wenye watumwa, watumwa wenyewe hawakupata hata senti, na deni la zile pesa lilimalizika kulipwa 2015, juzi juzi hapa, yaani hata vitukuu vya watumwa wanaofanya kazi London walikuwa wanakatwa kodi kulilipa. Watu wakapiga makofi. Nikalia, sikukwambia. Halafu ukauliza, wale waliolipwa, watoto wa watoto wao wanalala wapi leo?

Mwanangu, mmoja wao analala hapo kwako Roysambu.

Hii nimeisoma kwa simu usiku, siku tatu, mpaka macho yanauma, manake shuleni hatukufundishwa na nyumbani ilikuwa haisemwi. Kule kwetu mambo yalienda vile vile. Sultani Barghash akafunga soko la watumwa la Unguja 1873, Waingereza wamemkalia kooni, lakini waliokuwa mashambani wakabaki mashambani. Mwaka 1889 pale Rabai watoro zaidi ya 1,400 waliokimbilia misheni wakapewa karatasi za uhuru, na walipewa kwa sababu kampuni ya Waingereza iliwalipa mabwana zao. Halafu 1907 ndio ikaja sheria ya kuukomesha utumwa kwenye ule mwambao wetu, na mwenye mtumwa akawa anakwenda kortini kudai fidia. Mwenye mtumwa. Mtumwa alipewa ruhusa ya kuondoka, aende wapi hakuambiwa.

Na hii siyo ya kusoma kwenye simu, hii nilikuwa naisikia kwa masikio yangu na sikuwa naielewa. Babu alikuwa akiisimulia kwa kujisifu, kwamba babake alikwenda kortini akarudi na rupia, akatoa makuti akaezeka nyumba kwa mabati, ya kwanza mtaa mzima. Ndiyo nyumba utakayolala Ijumaa. Mabati yashabadilishwa, lakini ile boriti ya ukumbini ambayo hukuti fundi wa kuichonga siku hizi, ile ni ya zile rupia.

Kwa hivyo sisi tumeshalipwa. Ndicho ninachokwambia na ndicho hutaki kusikia. Tulilipwa mara moja kwa wale watu, na Jumamosi mjomba wako anataka tulipwe tena kwa ile ile hesabu, manake yule bwana mwenye kampuni ya nyumba za likizo hanunui minazi, minazi ishakufa nusu. Ananunua shamba lisilo na watu. Imeandikwa kwenye ukurasa wa pili, ule ambao sikusoma. Muuzaji atahakikisha ploti iko wazi. Tingatinga litaletwa na sisi.

Nyumba 38 za wajukuu wa wale watu, nilimuuliza mjomba wako akanitajia kama anataja miti.

Utaniambia hati ni yetu. Ndio ni yetu, na hebu uliza ilikujaje. Mwaka 1908, mwaka mmoja tu baada ya ile sheria ya utumwa, ikaja sheria ya hati za ardhi za pwani, kila anayedai shamba aje adai, alete mashahidi na karatasi zake. Sisi tulikuwa na karatasi. Hiyo ya kwenye kasha ni mojawapo. Feruzi angeleta karatasi gani, na yeye mwenyewe yuko ndani ya karatasi ya mwenzake? Alikuwa analima lile shamba yeye na mkewe, akaendelea kulima, wanawe wakaendelea, na siku ya kuandikisha akaandikishwa baba yake babu. Asiyedai, ardhi ikawa ya serikali ama ya aliyedai. Hiyo shida ya squota, watu wanaokaa kwenye ardhi isiyo na jina lao, unayoiona kwenye taarifa ya habari kila uchaguzi, Malindi, Kilifi, mpaka Lamu, mizizi yake mingi iko hapo.

Mjomba wako si mtu mbaya, usiniwekee maneno mdomoni ukifika kule. Yeye ndiye aliyemuosha babangu, mimi nilikuwa hapa Nairobi nasubiri basi. Lakini ana maneno yake na najua atakupa, kwa hivyo nakupa ya kwangu kabla.

Atakwambia walikuwa kama jamaa, babu aliwaozesha, aliwavisha Idi, walikula nyumbani. Mimi mwenyewe nimesema hivyo, nilisema mbele ya babako tulipochumbiana na nikaona nimesema kitu kizuri. Jamaa gani wa kurithiwa asirithi? Kisheria, ile ya mirathi tunayoijua, bwana alikuwa anamrithi huru wake, yaani mtumwa aliyemwacha huru, kama hana warithi, huru hamrithi bwana. Mlango wa upande mmoja.

Atakwambia ilikuwa zama zao na kila mtu alikuwa nao. Hili nalo nimelifikiria sana, manake sitaki kumhukumu mzee aliyekufa, na kumuombea namuombea. Lakini kama ilikuwa kawaida ya zama, wale watoro walikimbia nini? Walitoka Malindi na Mombasa, wakapenya nyika kwa miguu na watoto mgongoni, wakaenda Rabai, wengine wakajenga kijiji chao wenyewe Fuladoyo, wanashambuliwa na bado hawarudi. Hao nao walikuwa watu wa zama hizo hizo. Ukisema kila mtu aliona ni sawa, wewe unahesabu waliokuwa wamekaa barazani tu.

Na atakuletea dini. Hapo msikilize kwa adabu halafu mwambie asome Surat An-Nur aya ya 33. Mtumwa akitaka kuandikiana na bwana wake ajikomboe, aandikiwe, ukijua ana kheri, na wapeni katika mali ya Mwenyezi Mungu aliyokupeni. Wapeni. Maalim alinisomea mara mbili manake nilimwomba. Babu alikuwa anaswali tahajudi, aliijua hiyo aya kuliko mimi. Mali ikabaki kwetu, wao wakaachiwa kulima kwa hisani.

Kwa hisani, na kwa risiti. Hili sikuwahi kukwambia na sijui kwa nini nakwambia sasa hivi, labda kwa sababu ni usiku. Kila Disemba tulipokuwa tunashuka pwani babangu alikuwa ananipa kile kitabu cha risiti, manake mwandiko wangu ulikuwa mzuri na mjomba wako alikuwa anaandika kama kuku. Kodi ya kiwanja, kila nyumba, shilingi 20 kwa mwaka, baadaye 50, baadaye mia tatu. Pesa ndogo, nilikuwa nashangaa kwa nini tunajisumbua. Juzi ndio loya wa hapa amenieleza. Mtu akikaa kwenye ardhi ya mwenzake miaka 12 wazi wazi bila ruhusa, sheria inamruhusu aende kortini akadai iwe yake. Lakini kama analipa kodi, basi kakaa kwa ruhusa, ni mpangaji, hata akikaa miaka mia hana neno. Ile shilingi 20 ndiyo kamba iliyowafunga. Vitabu viko kwa mjomba wako kabatini, atavitoa mbele ya loya Jumamosi uvione, na utaujua mwandiko.

Na pesa zenyewe, ukizikusanya nyumba zote, pamoja na nazi, ndizo zilizokuwa zinatumwa kwangu kila Januari. Ulikuwa unaanza fomu. Nilikuwa nalipa ada nusu kwa mshahara na nusu kwa hizo. Basi.

Kuna siku moja nataka nikueleze vizuri, manake hii huijui. Ilikuwa Disemba 1981, nina miaka 13. Nimekaa barazani na kitabu cha risiti, nimevaa gauni jipya. Akaja bibi mmoja mzee sana, mgongo umepinda, amejifunga kaniki. Wakati kila mwanamke mtaani amevaa leso za rangi yeye bado kaniki, na kaniki zamani ilikuwa ndiyo nguo ya watumwa, leso wanawake walianza kuvaa kuonyesha kwamba sasa ni huru. Yule alivua ndara zake mbali, pale kwenye mwembe, siyo mlangoni, kwenye mwembe, akatembea uani kwa miguu mitupu na ule mchanga ulikuwa unaunguza, nauona mpaka leo anavyonyanyua nyayo. Akanifikia. Akasema, "Shikamoo, bibi." Miaka themanini na kitu anamwamkia mtoto wa miaka 13. Maana yake alizaliwa kabla ya ile sheria, alikuwa mtoto mdogo iliporuhusiwa aondoke. Akainama aubusu mkono wangu.

Mimi nikampa mkono.

Nilimwandikia risiti yake. Akaiweka pinduni, akafunga fundo, akarudi kinyumenyume hatua mbili tatu halafu akageuka kwenda kuvaa ndara. Babangu alikuwa ndani, nilidhani atanigombeza. Alisema umeandika vizuri.

Kijukuu cha yule bibi yuko, naye sasa ni mzee, nyumba yake ni ya tatu ukitoka kisimani, ina mlango wa kijani, au ulikuwa kijani. Ndiye ninayetaka ukakae naye kabla ya Jumamosi saa nne. Ijumaa jioni ukifika. Usiende na mjomba wako, usiende na gari lake. Chukua tuktuk. Usikae kwenye kiti kama yeye yuko chini kwenye jamvi, utaona anakuletea kiti na yeye anakaa chini, ukatae. Mwamkie wewe. Nunua sukari kilo mbili na majani chai, usimpe pesa mkononi, itaonekana umekuja kununua.

Pesa sasa. Najua. Kibarua chako kiliota nyasi Machi na tangu hapo unaishi kwa kubahatisha, na chuo cha kule London wanataka ile sehemu ya kwanza kabla ya Agosti, na sehemu yangu ya shamba ingelipa yote na ikabaki ya tiketi. Hii ndiyo inaniua, manake kama ningekuwa na kitu kingine cha kuuza ningekuwa nimeshauza. Nimefikiria cheni, haifiki hata robo. Unajua hata hilo neno kibarua nimelisoma juzi, walikuwa ni watumwa waliokodishwa mjini kwa siku, wanapewa kijibarua kidogo cha kazi, jioni ujira wanagawana na bwana aliyekaa nyumbani. Tunalitaja kila siku hapa Nairobi, sijawahi kuwaza. Samahani, narudi kwenye pesa.

Ukitia sahihi utakwenda London na utasoma na utarudi na utasimama tena kwenye mdahalo na utasema maneno mazuri kuliko yale ya kwanza. Na mimi nitaitazama hiyo video na nitajua. Na wewe utajua. Sitaki tuwe na kitu kama hicho kati yetu, tuna vya kutosha.

Usitie sahihi, lakini pia sisemi lile shamba litupwe. Ni eka 22. Zile za mbele, za barabarani, eka sita hivi, hazina mtu, hazina hata kaburi. Hizo ziuzwe, sina neno, mjomba wako ana madeni yake na hospitali ya mkewe. Zile za nyuma aitwe sorveya, zikatwe viwanja, kila nyumba na kiwanja chake, wapewe hati kwa majina yao. Siyo wauziwe kwa bei nafuu, najua mjomba wako atakimbilia hapo, bei nafuu kwa miaka kumi, wapewe. Sorveya na stempu watalipwa na zile za mbele. Makaburi yasiguswe. Sehemu yangu itakayobaki ni ndogo, nimepiga hesabu, haifiki ada ya mwaka. Labda uombe chuo wakusogezee mwaka, watu huomba, usione aibu. Au usome hapa kwanza. Hapa pia wanasoma watu, na wewe una kichwa, sijui kwa nini lazima kila kitu kiwe kule.

Hiyo nimeiandika kwa hasira, usiisome.

Ukisema kwamba wewe ni mmoja tu na saini zinazotakiwa ni nne, ni kweli. Lakini bila yangu haiuziki, loya ameniambia, mirathi haijagawanywa mpaka leo, jina bado ni la marehemu. Kwa hivyo ile peni uliyonayo ni nzito kuliko unavyofikiri. Watakulainisha. Watakwambia mamako ameingiwa na uzee. Binamu zako watanuna, na kusema kweli wana haki ya kununa, wao walitegemea. Wewe nyamaza, kula ulichopewa, sema nataka kwanza sorveya. Hiyo tu. Nataka kwanza sorveya.

Kuna jambo jingine na halihusiani, au linahusiana. Unamjua jirani wa ghorofa ya pili, bintiye amerudi kutoka Saudia mwezi jana. Mwajiri alimshikia pasipoti mwaka mzima, alikuwa analala jikoni, anakula mabaki. Tulikwenda kumuona na wanawake wa chama, tukalia, mimi nikazungumza zaidi ya wote, nikasema hao watu hawana utu, huo ni utumwa mtupu, wanamshikia binadamu karatasi zake. Nimerudi nyumbani nafungua droo natafuta panadol, nakuta kitambulisho cha dada. Nilikiweka pale alipoanza kazi. Miaka miwili. Sikumbuki kama nilimwambia ni kwa nini, nadhani nilisema ni kwa usalama. Nimemrudishia leo asubuhi. Hakusema kitu, akaitazama ile picha yake, akakifunga pinduni mwa leso.

Nilimwambia pia atumie vikombe vya kabatini. Bado anatumia kile cha bati. Sijui nimwambie tena au nimuache.

Hapa nyumbani maji yamekuja jana usiku saa nane, tumeamka sote, tangi limejaa. Gesi iko karibu kuisha, usinitumie, nina ya kununua. Mdogo wako anataka viatu vya shule vipya na vile vya mwanzo wa muhula havijafika miezi minne, nimemwambia asubiri wewe urudi uvione kama vinashoneka. Stima zimebaki uniti saba, hizo zitafika Jumapili. Nimekukaangia viazi karai na nimefunga kwenye kikopo cha siagi, uvipitie kabla ya kwenda Syokimau manake kwenye treni wanauza ghali, na kwenye treni usiweke begi juu mbali na wewe. Chukua sweta, ile asubuhi ya mapema hapa Nairobi ina baridi, kule utaivua.

Ile karatasi ya kasha nimeipiga picha, nitakutumia, yenyewe haitoki hapa ndani. Na wale watu 17 nimewaandika upya kwa mkono wangu kwenye ukurasa safi, mmoja mmoja kwenye mstari wake, mbuzi na minazi nimeviacha. Kwa yule wa mwisho nimeacha mstari mtupu. Ukurasa nimeutia kwenye bahasha ya kaki juu ya friji, ubebe, ukikaa na yule mzee wa mlango wa kijani umsomee pole pole, halafu umwachie. Watu wa pale wanahesabu ukoo wao vizuri kuliko sisi. Kama kuna jina analolijua, hata moja, nipigie hapo hapo, usingoje asubuhi. Simu nitalala nayo.

Mamako